Siku nne na mtumbwi mto Zambezi: majini kumi kwa kumi, ofisini hata mbili siwapi

Niliahidi watu kuandika hii kitu tangu Septemba mwaka jana tuliporudi, nikawa napiga kalenda kwa sababu kuna hela yetu iko kwa hao jamaa wa kampuni iliyotupeleka nikasema ngoja kwanza irudi ndo niandike kwa moyo mweupe. Haijarudi. Bas naandika hivyo hivyo, ila jina la kampuni siweki, sitaki kesi na mtu, we chukua maswali ambayo mimi sikuuliza ukamuulize yeyote utakayempata.

Safari yenyewe ni ya siku nne usiku tatu, mtumbwi wa kupiga kafi mwenyewe, mto Zambezi upande wa Zambia. Mnaingia majini chini kidogo ya pale mto Kafue unapomwagia kwenye Zambezi karibu na Chirundu, mnashuka na maji taratibu mpaka mnapita mdomo wa mto Chongwe, hapo ndo hifadhi ya taifa ya Lower Zambezi inaanza. Ukitazama kulia kwako ni Zimbabwe, na kadiri unavyoshuka unafika mkabala na hifadhi yao ya Mana Pools, ile UNESCO waliiweka urithi wa dunia mwaka 1984. Hii ya Zambia ilitangazwa hifadhi mwaka 1983, kilomita za mraba 4,092. Mto ndo mpaka, kwa hiyo unapita na nchi mbili huku na huku na tembo hawana pasipoti, tumewaona wanavuka wamenyanyua mikonga kama watu wanaobeba simu isilowe.

Mtu ataniuliza kwani kwetu hakuna mito. Ipo. Rufiji kule hifadhi ya Nyerere nimeenda mara mbili na nitaenda tena, ila ile ni boti ya injini, unakaa kwenye siti kama abiria, nahodha anakupeleka kwa viboko anazima injini mnapiga picha mnaondoka. Na mtumbwi nimeshapiga ziwa la Momela dogo pale hifadhi ya Arusha, masaa mawili hivi, nzuri sana ila ndo unaanza kuzoea kafi unaambiwa muda umeisha. Mimi nilitaka nilale na mto niamke nao. Nikawa naulizia, kila mtu ananitajia Zambezi, na sisi wa Mbeya Zambia si safari ya kwenda mbali, Tunduma hapo, unavuka Nakonde unapanda basi.

Tulikuwa watano kwenye plani. Mimi, mdogo wangu wa kiume, rafiki yangu wa Tanga na mumewe ambaye ni mtu wa Kigoma, huyo mimi namwita shemeji na ndo atakayewachekesha huko mbele, na binamu yetu wa Dar. Binamu kazini wakamnyima likizo, akabaki, na yeye ndo chanzo cha ugomvi wa hela, tutafika.

Sasa ofisini. Wiki mbili za kwanza wananijibu meseji ndani ya dakika kumi, dada mchangamfu kweli, "karibuni Zambia ndugu zetu", nikajisemea hawa ndo wenyewe. Nikatuma dipoziti. Kuanzia siku ile meseji zinajibiwa baada ya siku nne, baada ya siku sita, tiki mbili za bluu na kimya. Na ukiuliza swali tatu unajibiwa moja, lile rahisi. Nikauliza ada ya hifadhi imo kwenye bei au haimo, mitumbwi mingapi, muongozaji ana leseni ya mtumbwi au ya gari tu, na tukimaliza tunarudije. Jibu likaja "all inclusive mama don't worry", nalinukuu kwa kizungu chake kwa sababu hilo "don't worry" nimelipia. Tumefika Chirundu ndo naambiwa ada ya hifadhi ni juu yetu, kwa kila mtu kwa kila siku tutakayokuwa ndani, taslimu. Kama ingeandikwa tangu mwanzo wala nisingelalamika, hela ya hifadhi ni haki ya hifadhi, ila mnaniambia mtoni nikiwa nimeshavaa kaptula? Shemeji alitoa zile kwacha kwa uso wa mtu anayelipa faini ya barabarani.

Bei yenyewe ilikuwa kiasi kwamba ningekaa Zanzibar wiki nzima na bado nikarudi na chenji ya kununulia watoto viatu. Hii ni safari ya bei ya kati, kuna za juu zaidi ambazo unashuka na mtumbwi jioni unakuta kambi imesimama, kitanda kimetandikwa, mtu anakupokea na taulo. Yetu ni ya kila mtu abebe, mahema, maji, mchele, unga, mkaa, vyote vimo ndani ya mitumbwi, na mkifika kisiwani mnajenga wenyewe. Mimi napenda hivyo. Rafiki yangu wa Tanga hakupenda hivyo na alisema kila jioni.

Barabara nitapita haraka. Basi la Nakonde mpaka Lusaka ni usiku na mchana, kiti kinakutengeneza umbo jipya, tulilala Lusaka siku moja na nawaambia msijaribu kuunganisha. Lusaka kwenda Chirundu ni kama kilomita 136 na sehemu ya mwisho unashuka milima kuingia bondeni, malori yametangulia malori yanafuata, breki zinanuka. Dereva aliyetumwa kutuchukua alikuwa mtu mzima, mtulivu, hakuovateki hata mara moja kwenye kona, huyu ndo kaokoa maksi za nchi kavu zisiwe sifuri.

Halafu kuna suala la saa jamani, hili liandikeni ukutani. Zambia wako nyuma yetu saa moja. Tukaambiwa gari linatoka saa kumi na mbili asubuhi, mdogo wangu alikuwa hajabadilisha saa ya mkononi, akatuamsha sote tukakaa nje ya gesti kwenye giza na mabegi saa nzima tunawatukana wenzetu kwa kuchelewa. Hawakuchelewa.

Haya, mtoni sasa.

Muongozaji wetu alikuwa mzee kidogo, nywele zimeanza mvi, wenyewe wanamwita mudala, yani mzee kwa heshima, na sisi tukamwita hivyo hivyo. Mtaani kwetu hawa watu tunawaita magaidi kwa utani, kutoka neno guide, lakini kwa huyu utani uliisha dakika ya tano. Kabla hata hatujagusa maji alitukalisha kwenye mchanga karibu saa nzima. Hakuanza na historia ya hifadhi wala na ndege, alianza na kiboko. Akachora mto kwa kijiti: huku kina, huku kina kifupi, huku ukingo. Kiboko akiogopa anakimbilia wapi? Kwenye kina. Kwa hiyo nyie kaeni wapi? Kwenye maji mafupi, karibu na ukingo, msimkalie njia yake. Kosa kubwa ni kuwa katikati ya kiboko na kina, basi, hilo tu, mengine yote ni nyongeza. Na tukikaribia kona tusikoona mbele anagonga ubavu wa mtumbwi na kafi, ko ko ko, ili walioko chini ya maji wainue vichwa, tuwahesabu, tujue wamekaa wapi, maana kiboko anayekutazama si tatizo, tatizo ni yule usiyemjua yuko wapi. Mamba akamaliza kwa sentensi moja, mikono ndani, miguu ndani, hakuna kuogelea hata kama jua linakuua.

Mitumbwi ilikuwa mitatu, ya faiba, ile mipana ya watu wawili, si ya gogo kama unayowaza. Wa mbele yeye na msaidizi wake ambaye pia ndo mpishi, wamejaza vyombo mpaka unahurumia mtumbwi. Wa kati rafiki yangu na mumewe. Wa mwisho mimi na mdogo wangu. Rafiki yangu kwao ni pwani, babu yake alikuwa na ngalawa, akatufundisha kwamba mbele ya chombo ni omo na nyuma ni tezi, na aliyeko tezi ndo anayeshika njia, aliyeko omo kazi yake nguvu na macho. Kwa elimu hiyo yote yeye na mumewe walizunguka duara nusu saa ya kwanza, duara kamili, mudala anawaangalia tu kafi mapajani.

Na lugha, jamani lugha ilinifurahisha kuliko wanyama. Wao wanaongea Kinyanja na kizungu. Maji ni madzi. Ndovu ni njovu. Kiboko ni mvuu, kwa sisi watu wa Nyasa na Kyela utasikia ndugu zako kabisa. Na kafi, hii kafi yetu ya kuvulia, wao ni nkhafi! Shemeji aliposikia alishika ile kafi akaiinua juu kama kombe. Ila kulia na kushoto kwao ni kumanja na kumanzere, sasa upepo unavuma, mtu anapiga kelele "kuma..." na sisi tunaangaliana, ukiacha kwamba kwa Kiswahili hapo pabaya, hujui anamalizia upande gani na wewe umeshaanza kugeuza. Tukakubaliana mudala ajifunze kulia na kushoto. Alijifunza kwa siku moja.

Siku ya kwanza ni rahisi, mto unakubeba. Nilidhani tutachoka mikono, lakini asubuhi kama hakuna upepo unaweka kafi magotini na maji yanakupeleka, unasikia mpaka tembo akivunja tawi. Hapo ndo nikaelewa nimelipia nini. Injini ingekuwepo nisingesikia. Kuna miti mikubwa ya jamii ya mgunga kingoni, mudala akatueleza kwamba huu mti una kichaa chake, masika wenzake wakichipua wenyewe unapukutisha majani, kiangazi wenzake wakiwa vijiti wenyewe uko kijani na unadondosha maganda yamejikunja kama ganda la chungwa lililokauka, tembo wanayaokota moja moja kama bibi anayeokota korosho. Septemba ndo wakati wake. Pia Septemba wanakuja wale ndege wekundu wala nyuki, wanatoboa matundu kwenye ukingo wa udongo, unapita chini yao wanatoka mamia kwa pamoja, sijui niwaelezeje, kama mtu kakung'uta kanga nyekundu usoni kwako. Mdogo wangu aliacha kupiga kafi tukagonga ukingo.

Siku ya pili mchana. Hapa nitakaa kidogo.

Upepo wa bonde lile kuanzia Agosti unapanda mto, yani unatoka mashariki unakuja usoni, na unaanza saa nne tano asubuhi unazidi kila saa. Mto unakusukuma mbele upepo unakurudisha nyuma, na mtumbwi omo ikiwa nyepesi upepo unaigeuza kama jani. Mimi nilikuwa omo na mimi si mzito, mabegi tuliyapanga yote nyuma. Kosa letu, mudala alishasema asubuhi uzito ugaweni, tukaitikia kwa mdomo. Upepo ukatushika tukaanza kwenda katikati ya mto, wenzetu wako karibu na ukingo, sisi tunazidi kwenda, napiga kafi mpaka naona nyota, mdogo wangu anapiga upande ambao anatuzidishia kugeuka. Tukasikia filimbi. Mudala hakupiga kelele, alipiga filimbi mara mbili akanyoosha kafi kuonyesha kisiwa cha mchanga mbele yetu kushoto. Nikageuza macho upande wa kulia na nikaona masikio. Manne, sita, halafu pua inapumua fwaaa. Walikuwa kwenye kina na sisi tulikuwa tunaletwa na upepo kuwaendea.

Sitasema nilikuwa jasiri. Nilisahau hata jina la mama yangu. Mudala tayari alikuwa ameshageuza mtumbwi wake mzito ule, akaja akajiweka upande wa chini yetu, kati yetu na wale viboko ila kwa mbali, anagonga ubavu ko ko ko ko wasitusahau tuko wapi, na huku anasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "kushoto dada, kushoto, pole pole, ndefu", yani vuta kafi ndefu. Kiswahili chake cha siku moja. Tukagusa mchanga. Dume mmoja alikuwa ameshaanza kuja, amesukuma maji kama kuna lori chini, alafu akazama akaibukia nyuma kwa wenzake. Mudala akashuka akaja akapanga upya mabegi yetu yeye mwenyewe, hajasema neno la lawama, kisha akakaa pale mchangani akatugawia biskuti tukakaa mpaka upepo ukapungua, masaa mawili na zaidi. Ratiba ya ofisi ilisema tulale kisiwa cha mbele zaidi. Akasema ratiba iliandikwa na mtu aliyekaa kwenye kiti, na mimi hapo ndo nikampa kumi zangu zote.

Kwa hiyo mkiplani nawaambia, siku mkiambiwa mtatembea kuanzia saa moja asubuhi mpaka saa tano, kupumzika, alafu jioni kidogo, hiyo ndo kampuni inayoujua mto. Anayekupa ratiba ya kupiga kafi mchana kutwa mwezi wa nane au wa tisa anakudanganya au hajawahi kufika. Mei mpaka Julai upepo si wa kutisha hivyo ila usiku baridi kweli, mbebe sweta. Oktoba wanyama wamejaa mtoni lakini joto linapita nyuzi 40 na kwenye mtumbwi hakuna kivuli. Masika msiende, wenyewe wanafunga.

Kulala. Visiwani kwenye mchanga, kihema cha neti tu juu yako ukitaka kuona nyota. Usiku viboko wanatoka kula majani, wanapita karibu, unasikia wanang'oa nyasi kraa kraa, na simba tulimsikia usiku wa tatu upande wa Zimbabwe. Sheria ni moja, usiku hutoki bila kumuamsha mudala. Ndiyo, hata ukibanwa. Nazungumza na kina dada wenzangu hapa: choo ni jembe dogo na karatasi na kiberiti, unaenda nyuma ya kichaka ambacho mudala amekikagua, mchana. Maji ya kuoga ni ya ndoo, unachota pale kifundo cha mguu tu huku mtu anaangalia maji. Bebeni kanga mbili tatu, kanga ni mlango wa bafu, ni shuka, ni kofia, ni taulo. Kampuni ilituandikia tubebe vitu kumi na nane kwenye orodha yao na kanga haimo.

Kitu kingine sikukijua, mto ule unapanda na kushuka bila mvua. Juu huko kuna bwawa la Kariba, ukuta wa mita 128, na maji yanayotufikia ni yale yanayoachiwa kwenye mitambo ya umeme, ya Zambia upande mmoja na ya Zimbabwe upande wa pili. Wakiongeza umeme maji yanapanda. Asubuhi ya kwanza tulikuta tezi ya mtumbwi wetu inaelea na jioni tuliuvuta mpaka kwenye mchanga mkavu, kama mudala asingeufunga kwa kamba kwenye mti tungeamka watu wa kisiwani. Na ukame wa 2024, ule ambao Zambia walitangaza janga la taifa na umeme ukawa wa kupangiana masaa, mudala anasema mchanga ulijitokeza sehemu ambazo yeye hajawahi kukanyaga, njia zote akajifunza upya. Mtu kama huyo hapatikani kwa kusoma ramani.

Chakula wastani, nawapa sita. Nshima kila siku, ambayo ni ugali laini kuliko wetu, maharage, kabichi, kuku siku ya kwanza kabla barafu haijaisha. Siku ya tatu mpishi akatoa kapenta. Shemeji akainusa, akaionja, akaweka sahani chini. "Huyu dagaa wetu." Mpishi anasema hapana hii ni kapenta ya Kariba. Shemeji anasema dagaa wa Kigoma huyu, mimi nimekua naye. Ikawa mabishano makubwa, na mudala akaamua kesi: wote mna haki, hao samaki walichukuliwa ziwa Tanganyika wakapelekwa Kariba kwenye miaka ya 1960 mwishoni baada ya bwawa kujaa. Kuanzia hapo shemeji kila akihudumiwa anasema ahsanteni kwa kunirudishia mali yangu.

Upungufu wa vifaa sasa, maana nisije nikaonekana nimelewa na mto. Laifu jaketi mbili kati ya nne buckle zilikuwa mbovu, tukafunga kwa kamba. Hilo si dogo. Kafi ya akiba ilikuwa moja kwa mitumbwi mitatu. Mapipa ya plastiki ya kuzuia maji yalikuwa mazuri ila machache, simu na dawa zikaingia, nguo zikalowa. Dawa ya malaria tulibeba wenyewe, na nyie bebeni, msijidanganye kwamba sisi malaria tumezoeana naye. Redio ya mawasiliano mudala alikuwa nayo inafanya kazi, niliomba anionyeshe siku ya kwanza na akanionyesha bila kununa.

Na kurudi. Ile "don't worry" ilikuwa na maana kwamba boti ya injini itatufuata siku ya nne saa sita mchana iturudishe juu. Ilikuja saa kumi jioni. Masaa manne tumekaa kwenye ukingo ndani ya hifadhi, mahema yameshakunjwa, tembo jike ana mtoto anatuangalia na hapendi anachokiona, mudala anatuhamisha kutoka kivuli kimoja kwenda kingine kimya kimya. Alipiga redio ofisini mara tatu. Kuna mtu huko alisahau kujaza mafuta. Hapo ndo unaona ndani ya kampuni moja kuna watu wa aina mbili na wewe hela unawalipa wale waliokaa kwenye kiti.

Nani aende? Kama unaogopa maji si tatizo kubwa, mdogo wangu hajui kuogelea na pale hakuna anayeogelea. Kama huwezi kukaa na kunyamaza usiende, ule mto ukipiga stori unakosa nusu. Watoto wadogo hapana kabisa. Na wazee wenye mgongo, kiti cha mtumbwi hakina egemeo, siku ya tatu mimi mwenyewe nilikuwa nashuka kama kaa. Wenye siku nyingi na hela wanaweza kuanzia Kariba kwenyewe chini ya ukuta, wakapita korongo mpaka Chirundu, wakaendelea Mana, wakamalizia Kanyemba kule mpaka wa Msumbiji baada ya korongo la Mupata, hizo ni siku tisa kumi na zinafanyikia upande wa Zimbabwe. Na mkiwa upande wa Zambia msishuke kujisaidia upande wa pili, ni nchi nyingine ile, mudala alitukataza hata kugusa mchanga wao.

Hela ya binamu bas. Masharti yao, ninayo, yanasema ukijitoa siku thelathini kabla unarudishiwa nusu ya dipoziti. Binamu alijitoa siku arobaini na moja kabla, kwa emaili na kwa meseji. Oktoba wakasema iko kwa mhasibu. Novemba mhasibu kasafiri. Januari wakaniuliza binamu ni nani. Mwezi uliopita dada mchangamfu yule yule amenitumia ofa ya mwaka huu, asilimia kumi punguzo kwa wateja wa zamani.

Mudala hayuko kwao tena. Nilimtafuta kwa namba aliyoniandikia kwenye karatasi ya biskuti, anasema anapeleka wageni wa kampuni nyingine, ndogo, mitumbwi minne tu. Tumeshaongea na hao wapya, swali zangu zote nne zimejibiwa kwa maandishi, ada ya hifadhi imeandikwa pembeni peke yake, na jina lake liko kwenye risiti kama muongozaji. Juni tunaenda, binamu keshaomba likizo, na safari hii mabegi mazito nakaa nayo mimi huko omo.